Ndege Iliyokaa Kitako

Mimi ndege za plastiki nimezichukia kwa miaka arobaini na sita, na ninazijua kuliko wengi wanaozipenda. Ukilala chumba kimoja na mtu anayenuka gundi, utajua tu. Najua kwamba rangi ya fedha haipakwi juu ya alama ya kidole. Najua kwamba stika za nembo zikizeeka hupasuka zikigusa maji. Najua jeti ina pua na mkia, na mkia ndio mzito, kwa hiyo kabla ya kugundisha nusu mbili za mwili lazima utie uzito wa risasi puani. Usipotia, siku utakayoisimamisha mezani itainua gurudumu la mbele na kuketi kwa mkia. Kwenye klabu ya mume wangu wanasema ndege imekaa kitako. Ukikosea rangi au namba ya kikosi watakuteta chinichini, yaishe. Ila ndege yako ikikaa kitako mbele yao, wazee wazima watacheka mpaka wafute machozi, na watakukumbusha kila mwaka.

Mume wangu, Yasuharu Katsumata, hakuwahi kukalisha ndege kitako. Alifanya kazi miaka thelathini na minane kiwandani kule chini mjini Shizuoka, akisugua kalibu za chuma ambamo vipande vya ndege hizo hutengenezwa, na jioni akirudi nyumbani aliunda vilevile alivyovisugulia kalibu mchana. Wanaoanza klabuni yeye ndiye aliyewafundisha. Somo la kwanza lilikuwa chubwi, zile risasi ndogo za kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Alimtilia kila mmoja tatu kiganjani na kumwambia, "Hizi ndizo zinazotangulia. Rangi baadaye, majivuno baadaye." Kabati letu lina ndege mia mbili na kitu, zote zimesimama kwa magurudumu matatu, na anayezipangusa vumbi ni mimi, kwa brashi yangu ya poda.

Tunakaa juu mlimani, kwenye mashamba ya machenza na chai. Nyumba ziko saba, na nne hazina watu tena. Basi liliacha kupanda huku mwaka niliofanyiwa upasuaji wa goti. Bila pikapu yetu ndogo nyeupe hakuna dukani, hakuna kwa daktari, hakuna kushusha machenza. Sasa mwaka juzi mzee akaanza kurudi na mikwaruzo. Kwanza kioo cha pembeni, halafu nguzo ya lango letu wenyewe.

"Nguzo imesogea," akaniambia.

"Nguzo imesogea?"

"Matetemeko haya, Mama Misuzu. Ardhi haitulii."

Nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Kisha Novemba akaenda kupeleka machenza kwenye ghala la ushirika, dakika ishirini kwenda, dakika ishirini kurudi. Alirudi saa sita nzima baadaye, makreti yote yakiwa bado nyuma ya gari, na hakuweza kuniambia alikuwa wapi. Siku hiyo sikucheka. Niliyashusha makreti mwenyewe, goti likiniuma, na sikumwambia mtu.

Binti yetu Misuzu anakaa Nagoya, ghorofa ya kumi na moja. Alikuja Mwaka Mpya, akaizunguka pikapu mara mbili mikono ikiwa mfukoni, na tulipokaa kunywa supu ya keki za mchele akaanza.

"Baba, rudisha leseni ya gari. Wazee wenzako wote wamerudisha."

"Wenzangu wote ni vipofu."

"Mzee Hozumi hapo jirani si kipofu."

"Hozumi hajui kuendesha tangu ujana wake. Amerudisha kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho."

"Sitanii, baba. Usipoendesha hapa hapakaliki, hilo najua. Basi njooni kwangu. Chumba kipo, hospitali iko chini ya jengo. Nyumba hii tuifunge."

Aliyeshtuka ni mimi, wala si yeye. Nyumba hii nimeolewa ndani yake. Kaburi la mama yangu liko hatua mia mbili juu ya kisima, na michenza ile ya upande wa kusini niliipanda kwa mikono yangu. Ghorofa ya kumi na moja nitafanya nini, nihesabu magari ya watu? Nikang'ang'ania bakuli langu.

"Mtihani wa wazee nilipita," Yasuharu akasema.

"Miaka miwili iliyopita, baba."

"Tena mtihani gani ule! Wanakuonyesha picha, chura, ngoma, jiko, halafu wanakuuliza umeona nini. Mtihani wa chekechea. Mimi nitajipima mwenyewe." Akainuka, akaenda kabatini, akarudi na boksi la Sabre, zile jeti za fedha zilizokuwa zikipita juu ya Hamamatsu alipokuwa mtoto. Akaliweka katikati ya vyombo. "Hii hapa. Naiunda peke yangu, bila karatasi ya maelekezo, na mtu asinikumbushe kitu. Ikisimama kwa magurudumu matatu, naendesha. Ikikaa kitako, nampa mama yako ufunguo siku hiyohiyo, na leseni tunaipeleka pamoja."

"Baba! Maisha ya watu unayapima kwa kitu cha kuchezea?"

"Wewe umesomeshwa na kitu hicho cha kuchezea."

Misuzu akanigeukia. "Mama, wewe ndiye shahidi. Usimsaidie."

"Nimsaidie nini? Mimi najua nini kuhusu ndege?" nikasema, na wote wawili wakacheka.

Aliunda kuanzia Januari. Nilikuwa nikimpelekea chai na kusimama kidogo nyuma yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya ujanani. Mikono yake haikusahau kitu. Alipaka mwili rangi nyeusi inayong'aa, akaisugua kwa msasa wa maji mpaka ukajiona humo kama kwenye kioo, ndipo akapuliza fedha juu. Mikanda ya kiti cha rubani aliikata kutoka kwenye karatasi ya sigara, nyembamba kuliko ukucha. Maneno ndiyo yaliyokuwa yakimtoroka. "Nipe ile… ile ya kushikia," akawa anasema, na kibanio kiko mbele ya pua yake. Nampa. Ananishukuru kwa adabu, kama unavyomshukuru mhudumu wa benki.

Sabre ina mdomo wazi mbele, na ndani yake kuna bomba la hewa linalokwenda mpaka nyuma. Kwa hiyo risasi lazima iingie mapema, chini ya kiti cha rubani, juu ya bomba, kabla mwili haujafungwa. Ukishafunga hakuna njia tena. Siku aliyozigundisha zile nusu mbili na kuzibana kwa utepe niliingia na chai, na jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye kopo la chubwi kwenye rafu. Kifuniko kilikuwa na vumbi. Hakuna aliyekigusa tangu mwaka uliopita.

Neno moja tu lingetosha. Lakini alisema asikumbushwe, na Misuzu alisema nisimsaidie, nikaweka kikombe nikatoka. Hilo nililifanya kwa haki, na natamani ningefia hapo.

Mwishoni mwa Machi aligundisha magurudumu, akaiacha ndege chali kwenye kigoda chake cha sponji ikauke. "Kesho naisimamisha," akasema, na baada ya chakula cha mchana akaenda kukata matawi ya michenza. Nilimsikia akipiga mluzi kule juu. Nikaingia chumbani mwake, nikaigeuza ile ndege, nikaiweka mezani.

Ikakaa kitako. Ilifanya polepole, pua ikipanda juu, mkia ukigusa meza, ikatulia hivyo inatazama dari.

Nilikaa nayo muda mrefu. Haikuwa huruma tu, nisijipambe. Niliona uso wake kesho asubuhi, ni kweli, na niliona ufunguo akiuweka kiganjani mwangu kwa mikono miwili. Lakini niliona pia lifti. Niliona dirisha lisilofunguka la Nagoya, na machenza yangu yakiozea mtini, na kaburi la mama likiota majani. Nikasema moyoni, mwaka mmoja tu. Niliomba mwaka mmoja.

Nikachukua keekee yake ya mkono, ile yenye msumari mwembamba kama sindano, nikatoboa ndani ya tundu la gurudumu la mbele, pembeni, mahali ambapo jicho halifiki. Nikapitisha chubwi ndogo kabisa moja moja kwa ncha ya kibanio, na baada ya kila moja tone la supaglu. Mikono yangu imeshona kimono za mabinti watatu wa shangazi yangu na haikukosea. Zilipofika saba niliisimamisha, ikasimama. Nikaliziba tundu, nikapaka rangi, nikaigeuza ndege tena chali.

Ndipo nikaona kioo cha rubani. Supaglu ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ule ukinaswa ndani hutia kioo ukungu mweupe usiofutika. Kila mtu klabuni anajua, na hata mimi nilijua ila nilikuwa nimesahau. Ukungu ulikuwa umetanda upande mmoja wa kioo kwa ndani, na hakuna kitambaa cha kuufikia. Nikasema basi, ataona. Akiona atajua kuna mtu ametia mkono, maana yeye supaglu haikaribishi kwenye kioo hata kwa bahati mbaya. Na akijua, atanigombeza wiki nzima, lakini itakuwa na maana kwamba bado yupo. Nilitamani anigombeze.

Asubuhi aliniita, akakaa sawasawa, akaisimamisha. Ikasimama kwa magurudumu matatu.

"Unaona?" akasema.

"Naona."

"Mpigie Misuzu. Hapana, nipe nipige mwenyewe." Akampigia, akapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Imesimama! Mama yako shahidi! Nipe huyo mama yako aseme!" Nikachukua simu nikasema imesimama. "Haya, hongereni," Misuzu akasema, na nikamsikia akivuta pumzi.

Ukungu hakuuona. Nilimsubiri siku tatu. Mtu huyu aliwahi kumwambia mwenzake aende nyumbani na ndege yake, akiwa bado mlangoni, kwa ukungu mdogo kuliko ule. Siku ya tatu aliibeba hadi dirishani, akaiinua kwenye jua, ule weupe ukamtazama machoni. "Kioo kimetoka vizuri," akasema. Hapo nikajua kila kitu. Mtihani wenyewe ulikuwa huo, msahihishaji nilikuwa mimi peke yangu, na nikamwambia, "Ndiyo, kimetoka vizuri."

Mei ndiyo maonyesho ya klabu zote, na Alhamisi ile saa tatu asubuhi tulikuwa tunaishusha Sabre mjini. Boksi nililipakata mimi. Watu walikuwa kwenye mashamba ya chai, mashine za kuvunia zinalia kila upande. Kwenye kona ya chini ya kwa Hozumi tulimwona Bi Tomi Hozumi, mke wake, akipanda na kigari chake cha kutembelea. Bi Tomi alikuwa na miaka themanini na moja. Kila vuli alituletea figili za kukausha, na akija alikuwa ananiita "dada" ingawa ananipita miaka sita. Alisimama, akasogea kabisa kando hadi kwenye ukuta wa mawe ili tupite, akainamisha kichwa kutusalimia. Yasuharu naye akainamisha kichwa. Na gari, badala ya kupunguza, likaruka.

"Breki!" nikapiga kelele.

"Nimekanyaga!"

Na kweli alikuwa anakanyaga, ila mafuta. Alikanyaga kwa nguvu zake zote mpaka ukutani.

Gari la wagonjwa kufika kwetu ni dakika arobaini. Nilikaa barabarani, nimempakata Bi Tomi kichwa, mashine za chai zikanyamaza moja baada ya nyingine. Alifariki kabla sijasikia king'ora. Yasuharu alikuwa amesimama pembeni akisema, "Breki hizi, lazima nizipeleke zikaangaliwe." Boksi lilikuwa limeanguka miguuni pa kiti. Nilipolifungua baadaye, Sabre haikuwa imevunjika hata kijiti cha antena ya redio. Niliipeleka jikoni nikaiponda kwa mchi, na haikunisaidia kitu.

Polisi aliyeandika maelezo yangu alikuwa kijana mpole.

"Mama, kulikuwa na dalili yoyote kabla ya hapo?"

Nikamwambia yote. Ghala la ushirika, mkataba wa Mwaka Mpya, kopo lenye vumbi, keekee, chubwi saba. Mwanzoni aliandika. Alipofika kwenye chubwi kalamu ikasimama.

"Risasi… kwenye pua ya ndege?"

"Ya plastiki."

"Na ndege hiyo inahusiana vipi na gari, mama?"

"Ingekaa kitako asingeendesha. Aliahidi. Mimi ndiye niliyeisimamisha. Andika hivyo."

Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko kama angenitukana. "Mama umechoka," akasema. "Hili si la kuandika hapa." Akaweka rula juu ya mistari ile, akaikata vizuri, akaniletea chai. Nilikuwa nimekwenda nikitaka pingu.

Kwa Mzee Hozumi nilikwenda peke yangu, siku ya saba. Alikuwa ameketi mbele ya picha ya mkewe, ubani unawaka. Niliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na hapo hapo chini nikamweleza, kwa sababu nikiinuka nisingeweza.

"Kwa hiyo ulijua," akasema nilipomaliza.

"Nilijua."

Akanigeukia. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Leseni yangu mimi niliirudisha kwa sababu yake. Tomi ndiye aliyeniambia, rudisha, asije mtu akaumia. Ndiyo maana akawa anapanda kwa miguu." Akageukia tena picha. "Nenda nyumbani, Bi Katsumata."

Tangu siku hiyo madirisha yake ya upande wetu hayafunguliwi. Madaktari wamempima mume wangu kwa mashine zao, wakaniambia kwa maneno marefu kile nilichokiona kwenye kifuniko cha kopo. Kesi, wanasema, huenda isiwepo, maana hakuna wa kumshitaki ndani ya kichwa kile. Misuzu anakuja Jumamosi na lori. Tunakwenda ghorofa ya kumi na moja. Hajanilaumu hata mara moja, kwa sababu nilipomweleza habari ya chubwi alilia, akasema mama usijitese, ungewezaje kujua.

Kilichobaki ni asubuhi. Kila asubuhi Yasuharu anavaa kofia yake, anapapasa ndoano ya mlangoni, anauliza ufunguo wa gari uko wapi. Siku nne za kwanza nilimwambia ukweli. Nilimwambia umemgonga Bi Tomi, amekufa. Siku zote nne alisikia kwa mara ya kwanza. Alianguka kwa magoti, akauliza Tomi yupi, Tomi wetu? Akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akataka twende kwa Hozumi sasa hivi, bila viatu, nikamshika. Kufika saa tano alikuwa anauliza chakula cha mchana ni nini. Siku ya tano nilishindwa.

"Mama Misuzu, ufunguo wa gari uko wapi?"

"Umesahau, mzee wangu? Leseni ulirudisha."

"Mimi?"

"Wewe. Mwenyewe ulisema imetosha, tukaipeleka pamoja."

Alisimama pale mlangoni akifikiri, kofia mkononi. Niliona uso wake ukifunguka, yule Yasuharu wa kiwandani, fundi aliyekuwa akirudisha kalibu nzima kwa mkwaruzo mmoja.

"Hakuna aliyenilazimisha?"

"Hakuna."

"Kabla sijamuumiza mtu?"

Nilishika ukingo wa meza. "Kabla hujamuumiza mtu," nikasema.

"Afadhali." Akarudi, akakaa, akavuta kikombe chake karibu. Alikuwa na furaha. "Maana wengine, Mama Misuzu, wengine husubiri mpaka waue."

"Ndiyo," nikamwambia, nikammiminia chai. "Wengine husubiri."